Wadai Walipokuja Mama Akiwa Edani

Baba alikuwa mchonga vinyago. Alikuja Dar kutoka Newala akiwa kijana, na kwa miaka mingi alichongea kwenye kibanda alichopangishwa na manispaa kando ya soko, huku Temeke. Alipofariki, mimi na mama tulihangaika na sanda, na kaburi, na hitma. Kwamba kibanda kilikuwa kinadaiwa kodi, hatukujua.

Turubai la msiba lilikuwa limeshakunjwa walipokuja wanaume wawili waliovaa fulana zinazofanana. Mmoja akaniambia manispaa imeikabidhi kampuni yao kazi ya kukusanya madeni sugu, na baba ni mmoja wa wadaiwa.

"Marehemu," nikamwambia.

"Basi tunaomba kuonana na mkewe."

"Mama yuko edani. Haonani na wanaume."

Wakatazamana, wakaondoka. Kesho yake jirani wa sokoni akanipigia simu: kibanda kimetiwa kufuli jipya, na vyombo vya baba vyote vimo ndani.

Nikaenda manispaa. Karani alinipokea vizuri, kisha akasema suala hilo sasa liko kwa wakala. Nikaenda ofisi ya wakala, Kinondoni, ghorofani juu ya duka la vipuri. Huko nikaambiwa wao wanakusanya tu. Kama nina ombi, nirudi manispaa. Nikarudi. Ni hapo, kwenye benchi la korido, ndipo nilipomlilia baba. Siku ya mazishi nilishughulika na wageni, machozi yakagoma. Sasa yalinitoka mbele ya watu waliokuja kulipia leseni za biashara, na mama mmoja nisiyemjua akanishika bega mpaka nikanyamaza.

Baada ya hapo wakala alimtuma mwanamke. Alikuwa wa rika langu, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampeleka chumbani, mama alikokuwa amekaa kwenye mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kudai?"

"Ndiyo mama. Lakini kwanza, pole sana kwa msiba."

Mama akasogea mkekani kumpa nafasi. "Wenzako walikuja hapa, hilo halikuwatoka mdomoni. Kaa, mwanangu."

Akakaa. Mama akamwambia kibanda hakihitaji tena; mtoto wake ni mmoja tu, naye ni mwalimu, hajui kuchonga. "Kichukueni, mpangisheni mwingine. Deni tutalilipa kidogo kidogo, sitaki mume wangu awe na deni la watu huko aliko. Ila tezo na patasi zake nirudishieni. Hizo alikuja nazo kutoka kwao."

"Mama, siwezi kukuahidi. Vitu vya ndani vimeshikiliwa kama dhamana. Lakini nitakwenda kuwaambia."

"Haya. Waambie kama nilivyosema."

Sijui aliwaambia nini. Ninachojua ni kwamba alinipigia mwenyewe, tukakutana sokoni, akanipa karatasi ya makubaliano nisaini, ndipo akafungua kufuli. Ndani mlinukia mpingo. Juu ya gogo palikuwa na kinyago ambacho baba hakukimaliza, uso umeshatoka, mwili bado mti. Vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye gunia, kama alivyokuwa akivifunga kila jioni. Lilikuwa zito. Yule dada alitundika begi lake begani, akashika upande mmoja, tukalibeba wote hadi kwenye bajaji.

Nyumbani mama alilifungua gunia mwenyewe. Akaitoa tezo, akaushika mpini palipolainika kwa kiganja cha baba, akauweka shavuni.

"Nifungie mlango," akaniambia.

Nikaufunga, nikakaa nje kwenye kibaraza. Nilimsikia akizungumza na baba, kwa Kimakonde, lugha ambayo kwetu ilikuwa yao wawili tu.

Deni nililimaliza kwa mshahara wangu, polepole. Risiti ya mwisho ilitoka kwa jina la baba. Nilipomsomea mama akasema alhamdulillah, akaomba maji ya kutawadha.