Presha ya Macho Ilivyomgombanisha Atuganile na Mdogo Wake

Mvua imekatika sasa hivi kwenye mashamba ya chai nje kidogo ya Tukuyu, na Atuganile Andongwisye, 47, anachuma huku akigeuza shingo kushoto, kulia, kushoto tena. Mikono bado ina kasi. Shingo ndiyo inayomchelewesha. Mstari wa jirani, mdogo wake Joyce anachuma akitazama mbele tu, anaimba, na kapu lake limeshajaa.

"Mwone alivyo!" anasema Atuganile, makusudi asikike. "Kwa nini yeye?"

Wivu huu haukuanza leo. Kabla shamba halijauzwa kwa mtu binafsi, miaka ya tisini ilipoanza, hakuna mwanamke aliyemfikia Atuganile kwenye mizani. Kilo hamsini kwa siku zilikuwa mchezo kwake. Kisha kilo zake zikapungua, za Joyce zikapanda. Kila alipopita Atuganile, machipukizi yalibaki pembeni mwa mstari, na mnyapara akaanza kumfokea.

Siku moja akageuka ghafla, akaukuta mkono wa Joyce kwenye mstari wake.

"Nikasema, kumbe mwizi wangu ni wa tumbo moja!" anasimulia. "Nilimtukana mbele ya watu. Yeye ananiambia, 'Dada, unayaacha, huyaoni. Nayachuma usije ukafokewa.' Nayaacha mimi? Mimi niliyemfundisha kuchuma!"

Msimu huohuo wataalamu wa macho walifika hospitali ya misheni. Joyce alikwenda, maana baba yao alikufa kipofu. Wakamkuta na presha ya macho, ikiwa bado changa, wakamwanzishia dawa ya matone na kumwagiza awalete ndugu zake. Atuganile akagoma katakata.

"Nilijua anataka nionekane mgonjwa, abaki na mstari wangu. Macho hayaumi, mbele naona vizuri, niende kufanya nini?"

Ackson, tabibu wa macho, amelizoea jibu hilo. "Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka," anaeleza. "Yasipotoka vizuri, presha inapanda, inaumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Huumwi popote. Unaacha kuona pembeni kwanza, na hujui."

Atuganile alikwenda mwaka mmoja baadaye, baada ya kutumbukia kwenye mfereji uliokuwa kando ya mguu wake. Walimlaza chali, wakamtia matone ya ganzi, wakaweka kipimo kidogo cha chuma juu ya jicho. Hakikumuuma. Kilichomuuma ni kuambiwa kwamba kilichopotea hakirudi, dawa italinda kilichobaki tu.

"Nililia kwa hasira. Angeniburuta!"

"Nilikuja mara ngapi, dada?" Joyce anadakia kutoka mstari wake. "Ulinifungia mlango."

"Ungeuvunja!"

Siku hizi Joyce ndiye anayemtia matone asubuhi na jioni, kwa kuwa mkono wa Atuganile hulikosa jicho. Hilo nalo linamchoma. "Hata hatetemeki," analalamika.

Hata hivyo hajakosa dozi hata moja. Ukimuuliza anatarajia nini, anamgeukia mdogo wake, anamtazama kwa muda.

"Nataka nimwone huyu akizeeka, apate mvi na makunyanzi kama yangu. Nikipofuka sasa, atabaki msichana kichwani mwangu mpaka nife. Hilo sikubali ng'o."