Ndoo ya Mabaki ya Ruracio

Siku wakwe walipokuja kwetu Dagoretti kwa ruracio, yaani kutoa mahari ya dada yangu, nilijichagulia kazi ya kuosha vyombo nyuma ya nyumba. Sipendi wageni waniulize niko kidato cha ngapi. Mbwa wetu alikaa nami huko, maana naye alikuwa amefukuzwa penye watu.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamepika sufuria kubwa kubwa za nyama, vitunguu karibu nusu gunia. Mabaki niliyakusanya kwenye ndoo. Baba ametuambia tangu zamani kwamba mfupa wa kuku huua mbwa, kwa hivyo niliitoa mifupa yote kwa vidole, mmoja mmoja. Nilijiona mwangalifu sana. Mchuzi, vitunguu na kachumbari nikamchanganyia mbwa na ugali, siku tatu mfululizo. Alilamba sahani yake mpaka ikawa inateleza hadi ukutani.

Siku ya nne hakuinuka aliponiona. Alikojoa pale pale alipolala, na mkojo ulikuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa. Mama nilimwambia tu kwamba mbwa amelegea.

"Hiyo ni minyoo," akasema. "Enda agroveti ulete dawa. Na umpatie mchuzi kidogo apate nguvu."

Nikampa mchuzi.

Agroveti kulikuwa na wanaume wakibishana juu ya chakula cha kuku. Nilingoja wanyamaze, hawakunyamaza. "Na wewe, siz, unataka nini?" mwenye duka akaniuliza. Nilitaka kumweleza ule mkojo, nikaona haya kulitamka neno lenyewe mbele yao. Nikasema, "Dawa ya minyoo," nikalipa, nikatoka mbio.

Kesho yake jioni Baba aliita daktari wa mifugo. Akamfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe. Akauliza amekula nini. Nikamwonyesha ndoo.

"Kitunguu yote hii?"

"Daktari, huyu amekula mabaki maisha yake yote," Baba akasema.

"Kidogo kidogo, mzee. Hii ni mob. Kitunguu inaharibu damu ya mbwa, hata ikipikwa. Mkojo ilibadilika lini?"

"Jana asubuhi," nikasema.

"Na ukanyamaza?"

Wote wakanigeukia. Daktari akamdunga sindano, akatuambia tusitegemee sana.

Mbwa alikufa asubuhi iliyofuata, kichwa chake juu ya slipa yangu, mguu wangu ukiwa bado ndani.

Mchana dada akapiga simu kutoka Ngara, anakofanya kazi. Mbwa huyu ni yeye aliyemlea, alimleta nyumbani ndani ya sweta.

"Aki si nilimwacha akiwa poa? Kwani alikula nini?"

Alikula chakula cha siku yako.

"Hatujui," nikamwambia. "Aliugua tu."

Mama alikuwa kando yangu akichagua mchele. Alisikia kila neno, na hakunisahihisha.