Baba Alipokataa Kusema "Kule"

Kila msimu wa kahawa ukifika, maganda yakirundikwa nyuma ya nyumba na kuanza kuchacha, ile harufu yake ya utamu ulioharibika hunirudisha kwetu, kwenye kilima kimoja upande wa Igamba. Wapo wanaoipenda. Mimi hufunga dirisha, maana ndiyo iliyokuwa imejaa uani siku mdogo wangu Ezekia alipofariki.

Waingereza walikuwa bado wanatawala, na kahawa ilikuwa kitu kigeni mikononi mwa watu wetu. Baba alikuwa na shamba dogo la miche michanga, lakini hakuna aliyemwita mkulima. Wote walimwita Mwalimu Yotamu, kwa sababu ndiye aliyewafundisha watu waliojiandaa kubatizwa katika kanisa letu la kijijini, lile la kuta za udongo na paa la nyasi. Alikuwa na sauti ya taratibu, tena nzito. Mama alisema alimpenda kwa sauti ile kabla hajamwona uso.

Mwaka ule surua ilipita kijijini kama moto wa nyikani. Tuliugua wawili, mimi na Ezekia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuota meno ya ukubwani. Yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka. Tulilazwa kwenye mkeka mmoja, na baba akapiga magoti katikati yetu, mkono mmoja juu ya kifua changu na mwingine juu ya kifua cha mdogo wangu, akaomba. Nakumbuka joto la kiganja chake. Nakumbuka pia kwamba aliomba kwa maneno yaleyale kwa ajili yetu sote, hakumwongezea mmoja na kumpunguzia mwingine. Mimi nikapona. Ezekia akafa asubuhi, watu wakiwa wanamenya kahawa.

Wakamzika akiwa amevaa shati la kaki, lililoshonwa kutokana na shati kuukuu la baba. Mjomba Nathanaeli, kaka yake mama, ndiye aliyeongoza ibada, kwa kuwa alikuwa mkubwa wa wazee wa kanisa. Alimwambia mama, "Usilie, dada. Mtoto yuko kule kwa Bwana, anakungoja." Mama akalishika neno lile kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Kila jioni, akikoroga ugali, alinong'ona, "Yuko kule."

Baba, neno lile halikumtosha. Alianza kuuliza maswali ambayo wengine waliyameza. Mungu amsikie huyu, asimsikie yule, kwa maombi yaleyale? Kama yuko kule na sisi tuko huku, nani aliweka umbali huo? Alikwenda misheni kwa miguu kumwuliza mchungaji, akarudi na jibu la kuambiwa avumilie. Akamwuliza babu yangu, aliyekuwa bado akiwamwagia wahenga unga porini. Babu akamwambia mizimu ilikuwa imekasirika. Akavuka hadi ng'ambo ya Tunduma kwa ndugu zetu wa Rhodesia, akawasikiliza wahubiri waliosema dunia inakwisha kesho, akarudi amekonda, viatu vimekatika, na dunia haijakwisha. Mama alimpokea, akamchemshia maji ya kuoga.

Nilimsikia akieleza mara moja tu kile kilichompata baadaye. Alikuwa anapalilia kaburi la Ezekia, ukungu umeshuka hata haoni minyaa iliyozunguka makaburi. Alikuwa akimwita Mungu moyoni kama kawaida yake, kwa hasira. Ghafla akajiuliza ni nani anayeita. Akatazama ndani kumtafuta huyo mwitaji, asimwone. Palikuwa na kuita tu, na ukungu, na jembe, na udongo uliomfunika mwanawe, na havikuwa na mpaka kati yao. "Nilikuwa namtafuta kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekata kamba," alisema. "Nikaona hakuna upande wa pili ambako angeweza kukimbilia."

Tangu siku ile hasira ilimtoka. Lakini likamtoka pia neno moja. Hakusema tena "kule".

Mimi nilifurahi. Niliposikia kwamba Mungu hayuko mbali nilidhani maana yake amehamia kwetu, nikaanza kumtafuta. Nilichungulia chini ya kitanda, nikafunua kihenge cha mahindi, nikampekua kuku aliyekuwa akiatamia hadi akanidonoa mkono. Baba alinikuta nafyonza kidole. Nilipomweleza nilichokuwa nakifanya akacheka mpaka akakaa chini, na ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile.

Maana Mama hakucheka. Siku moja nilikuwa nachambua mboga kizingitini, nikawasikia ndani.

"Mwanangu yuko wapi?" Mama aliuliza.

"Hakwenda popote, Mama Lusia."

"Nimekuuliza yuko wapi!"

"Hakuna mahali pa kwenda. Kile kilichokuwa Ezekia hakijawahi kutengana na..."

"Yotamu." Sauti yake ilishuka. "Kaka yangu amenipa mahali ambapo mwanangu yupo. Wewe unaniondolea. Unanipa nini badala yake?"

Nilingoja sana baba ajibu. Mwishowe Mama akatoka na ndoo, akanipita bila kuniona.

Kanisani mambo yaliharibika upesi. Katika darasa la ubatizo kulikuwa na swali ambalo kila mwanafunzi alipaswa kulijibu kwa sauti: Mungu yuko wapi? Nao walijibu, yuko mbinguni. Baba akaacha kuliuliza. Wanafunzi wakasema nyumbani, wazazi wakamwendea mjomba, na mjomba akaja kwetu mchana kweupe, amevaa koti lake la Jumapili ijapokuwa haikuwa Jumapili.

"Shemeji, liulize tu hilo swali," alimsihi. "Sikuombi uamini. Uliza, wajibu, basi."

"Nitawezaje kuwafundisha watu kutazama mbali, kaka, na mimi nimeona?"

"Umeona nini?"

Baba alijaribu kueleza. Mjomba alisikiliza kwa uchungu, akipapasa ukingo wa kofia yake. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alimpenda baba, na alimwogopa Mungu kuliko alivyompenda baba.

Wazee wakamwita. Mmoja wao alimwuliza, "Mungu na Yotamu ni wawili au ni mmoja?" Baba akajibu kwamba ukishaanza kuhesabu, umeshapotea. Wao wakasikia kwamba mtu huyu anajifanya Mungu. Wakamtenga. Akanyang'anywa darasa, akakatazwa Meza ya Bwana, na watu wakaagizwa wasikae naye. Wale waliokuwa wakija kwa zamu kutusaidia kulima hawakuja tena. Mahindi yetu mwaka ule yalimezwa na magugu, kwa kuwa mama alikuwa mjamzito na baba alikuwa mtu mmoja. Watoto wenzangu walinikimbia kisimani wakipiga kelele, "Mtoto wa Mungu! Mtoto wa Mungu!"

Mama aliendelea kwenda kanisani, akinishika mkono. Baba alitusindikiza hadi mwisho wa shamba letu, akarudi peke yake.

Uchungu ulimshika Mama msimu wa kahawa uliofuata. Wakunga waliingia alfajiri. Jua lilipopanda, mtoto alizaliwa, wa kiume, hakulia. Kisha damu ikawa haikatiki. Mjomba alikwenda kutafuta vijana wa kumbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, akarudi nao, jambo ambalo nadhani lilimgharimu kuombaomba kwa watu wengi. Lakini mkunga mkubwa alitoka, akawatazama wale vijana na machela yao, akatikisa kichwa. Akawaambia wakae tu kivulini.

Baba akaitwa ndani. Mimi niliingia nyuma yake na hakuna aliyenizuia.

Mama alikuwa mweupe midomoni. Alimtafuta baba kwa macho, akampata. "Baba Lusia," alisema, "Ezekia yuko wapi?"

Mjomba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. "Shemeji," alisema kwa sauti iliyokatika, "nakuomba. Mwambie."

Baba alipiga magoti. Alichukua uso wa Mama kwa mikono yake yote miwili.

"Yuko kule," alisema. "Yuko kule kwa Bwana, mke wangu. Amesimama anakungoja. Amevaa lile shati lake la kaki, kifungo cha juu kimekatika."

"Hukukishona," Mama alisema.

"Sikukishona. Utakishona wewe."

"Atanijua?"

"Atakuita kabla hujafika. Nawe utampakata huyu mdogo, umwonyeshe."

Aliendelea kumweleza, kwa ile sauti yake ya taratibu, njia ilivyo, maji yalivyo, jinsi Ezekia alivyonenepa. Alieleza kama mtu aliyetoka huko jana. Mama alitabasamu kidogo, kisha macho yake yakabaki yametazama bila kutazama, na baba bado alikuwa akisema.

Mjomba alimkumbatia baba akilia. "Umerudi, shemeji! Umerudi. Kesho, kabla hatujamzika, sema mbele ya kanisa yale uliyomwambia yeye, nasi tutakufungulia. Utamzika mkeo kwa mkono wako."

Baba alijitoa taratibu mikononi mwake. "Yale nilimwambia yeye," alisema. "Kanisa siwezi kuliambia."

"Basi ulimdanganya?"

Baba akainama, akamfumba Mama macho.

Kesho yake walimzika Mama, na kile kichanga ubavuni mwake. Mjomba alikuwa na amri aliyoitoa mwenyewe, kwamba aliyetengwa asikanyage makaburi ya kanisa, na hakujua namna ya kuivunja. Mimi nilikuwa ndani ya ua wa minyaa, nimeshikwa mkono na mke wa mjomba. Baba alikuwa nje. Niliona kofia yake na mabega yake juu ya minyaa. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya sanduku, alivua kofia, nikawa naona kichwa kitupu. Watu walinong'ona kwamba huyu ni mtu aliyemdanganya hata mke wake akikata roho. Nami niliwaamini. Nilijua baba alisema jambo moja kwa miezi mingi, akasema kinyume chake kwa robo saa, na akili yangu ya kitoto ilinieleza kwamba mojawapo lazima liwe uongo.

Nilichukuliwa kulelewa kwa mjomba. Sikupigwa, sikunyimwa chakula. Baba nilimwona sokoni, au njiani kwenda Nanyala, akiwa na gunia begani, akinisalimu kwa jina. Nilikuwa nikiinamisha uso.

Nilipokuwa mtu mzima, nimeshaolewa na kuzika mtoto wangu wa kwanza, nilimwendea. Alikuwa mzee, anaishi peke yake katika nyumba ileile, kahawa imemshinda. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa, nikachukua hindi moja. Nikamwuliza swali la mjomba. Baba, ulimdanganya?

Alipukuchua kwanza lile lililokuwa mkononi mwake hadi likaisha.

"Saa ile sikuona watu wawili mle ndani," alisema. "Sikuona mwenye kweli na mwenye kudanganywa. Palikuwa na maumivu tu, na yalikuwa yanauliza kuhusu mtoto. Nikajibu."

"Mbona basi hukujibu vivyo hivyo kabla? Alikuuliza miezi mingapi?"

Mikono yake ilisimama. "Wakati huo nilikuwa bado nina kweli yangu, Lusia. Nilikuwa naishika sana. Mama yako ndiye aliyeniondolea."

Mwaka ule hakuumaliza. Kaburi lake liko nje ya minyaa.

Nimelifikiria jibu lake kwa miaka mingi, na sidai kwamba linaponya kitu. Mama hakumsikia akilisema. Mimi nilikua bila wao wote wawili. Lakini kuna jambo moja nililielewa, ambalo siku ya mazishi sikuweza kulielewa, nikitazama kichwa kile kisicho na kofia. Wakati ule nilidhani ni ukaidi uliomweka nje. Kumbe lile neno "kule" alikuwa amempa Mama bure, lote, na hakutaka kulichukua tena mkononi mwake alitumie kujinunulia nafasi ya kusimama ndani.