Ijumaa za Mavi ya Ng'ombe

Kila Januari ikikaribia, vijana wenye watoto huja kuniuliza habari za darasa la kwanza. Wananiuliza kwa sababu nimezeeka, na mzee hudhaniwa amejifunza. Mtoto anunuliwe daftari ngapi? Afundishwe kusoma nyumbani kwanza au aachiwe mwalimu? Nawajibu mambo ya penseli na sweta, wanashukuru, wanaondoka, nami nabaki nikijichukia. Ninalolijua kuhusu darasa la kwanza ni jambo moja tu, na hilo sijawahi kumwambia mtu.

Mimi ni mtu wa kinyaa. Sijui kama nilizaliwa hivyo au nililelewa hivyo. Wazazi wangu walitoka sehemu za Kati wakanunua shamba karibu na Kitale, na ingawa tulilima kama majirani, nyumbani kwetu hakuna aliyeingia na tope miguuni. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya ukarani katika ghala la mahindi, nikaanza kuvaa shati jeupe kila siku. Nikiona unywele kwenye sahani, hamu ya chakula imeniisha. Mtoto akitapika, mke wangu ndiye aliyepanguza. Mimi nilikuwa nje nikitazama mawingu. Nilikihesabu kinyaa hicho kuwa aina ya heshima. Leo nikikikumbuka, ndicho kinachonitia kinyaa.

Tulikuwa na binti mmoja. Alibeba jina la mama yangu, kama ilivyo desturi kwetu, kwa hiyo nilimwita mama. Chekechea aliisomea Kitale, mahali penye sakafu ya saruji na viti vidogo vya rangi. Alikuwa mtoto wa kusema. Akirudi mchana alingoja nitoke kazini, na nikikaa tu, alikuja kusimama mbele ya kiti changu akanimwagia siku yake yote: nani alilia, nani alijikojolea, uji uliingia nzi na nani aliunywa hivyo hivyo. Kazini nilijisifu kwamba mtoto wangu hanifichi kitu.

Mwishoni mwa mwaka wa 2002 nilihamishiwa Bungoma. Tukapanga nyumba upande wa Kanduyi, kwa mzee mmoja aliyefuga ng'ombe wawili nyuma ya vyumba vya wapangaji. Mwaka uliofuata karo ya shule za msingi ikafutwa, nami nikampeleka binti yangu shule ya umma iliyokuwa karibu. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni mwa darasa nikatamani kurudi naye nyumbani. Watoto walizidi mia. Madawati yalikuwa ya madarasa ya juu. Wale wadogo walikaa chini, kwenye udongo, goti juu ya goti, kamasi zikiwatiririka. Choo nilikichungulia mara moja tu. Watoto waliogopa kutumbukia shimoni, kwa hiyo walikuwa wamejisaidia kila mahali isipokuwa shimoni. Harufu yake ilifika hadi ubaoni. Jioni hiyo redioni mheshimiwa mmoja alisema elimu sasa imemfikia kila mtoto. Niliizima.

Alhamisi ya wiki ya pili binti yangu alisimama mbele ya kiti changu.

"Baba, kesho tunabeba mavi ya ng'ombe."

"Ati nini?"

"Mavi ya ng'ombe. Na maji kwa jagi. Mwalimu amesema kila mtu abebe, tupake darasa."

"Mnapaka na nini?"

"Na mkono!" Akazungusha kiganja hewani kunionyesha, amefurahi kama mtu aliyealikwa harusini.

Mke wangu akacheka. "Si mwenye nyumba ako nayo mingi hapo nyuma? Nitamwekea kwa mfuko."

"Mtoto wangu hatashika mavi."

"Baba yake, hata sisi tulipaka. Kwani wewe ulisomea Ulaya?"

Asubuhi nilimshika mtoto mkono nikaenda naye hadi kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, sauti imekwaruzwa na chaki.

"Karibu, mzee. Umetuletea mzigo?" akauliza, akiangalia mikono yangu mitupu.

Nikamwambia kwamba nimeleta mtoto kusoma, sikumleta kukanda mavi.

"Sasa mzee, hii sakafu si ni mchanga? Tusipopaka, vumbi linaamka, na kwa hiyo vumbi kuna funza. Tukipaka ikauke, funza wanapungua. Hiyo ndiyo dawa tuko nayo."

Asiyewajua funza na ashukuru. Ni wadudu wadogo kama viroboto, wanaopenya nyama ya vidole vya miguu na kutaga mayai humo mpaka kidole kivimbe na kutoa usaha. Kwetu, mtu mwenye funza alisemwa kama mwizi.

"Funza ni wa watu wachafu, mwalimu," nikasema. "Kwangu hakuna funza."

Aliniangalia viatu, kisha uso. "Haya bana. Basi funza watauliza kwanza mtoto ametoka kwa nani."

Walimu wawili waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Binti yangu alikuwa ameshika suruali yangu, anasikia kila neno.

Nilishinda. Tulipatana kwamba kila Ijumaa, baada ya mapumziko ya saa nne, binti yangu angeruhusiwa kurudi nyumbani, na wengine wabaki wakipaka. Nilimwambia mke wangu kwa majivuno kwamba mtu akijua haki yake shuleni husikilizwa.

Nilichokuwa sijui ni jinsi kazi yenyewe ilivyogawanywa. Mwalimu mmoja hawezi kusimamia watoto mia na zaidi wenye mikono michafu, kwa hiyo kila mtoto alipaka mahali pake, pale anapokalia. Jumatatu darasa zima lilikuwa na sakafu ngumu, iliyokauka vizuri, isipokuwa kipande kimoja cha vumbi chenye upana wa sufuria kubwa. Hapo alikaa mtoto wa karani. Tena viatu viliachwa nje, kwa maana sakafu iliyopakwa haikukanyagwa na viatu. Watoto wenzake walimsukuma arudi hapo kila alipojaribu kusogea: "Wewe Kitale, kaa kwako! Usitumwagie vumbi!" Haya yote niliambiwa baadaye, maji yakiwa yameshamwagika.

Kufikia Machi binti yangu aliacha kuja mbele ya kiti changu.

"Shule ikoje, mama?"

"Salama, baba."

Nikaona ni kukua. Nilifurahi hata, nikasoma gazeti kwa amani. Kisha asubuhi akaanza kuchelewa kutoka, akitembea kama mtu anayekanyaga makaa. Nikimuuliza, alisema kiatu kinambana. Nilikibonyeza kwa nje, nikaona hakibani. Nikahukumu kwamba huu ni uvivu, kwamba zile shule za bure zimeshamharibu. Asubuhi moja nilivua mshipi nikamchapa mara tatu miguuni ili aende upesi. Miguuni. Alikwenda upesi kweli, na hakulia mpaka alipopita lango.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alimwogesha kwa nguvu, kwa kuwa mtoto alikuwa amezoea kujifungia na beseni na kukataa kusaidiwa. Nilisikia mke wangu akipiga kelele, nikaenda. Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Soksi moja ilikuwa imegandamana na vidole, na mama yake alikuwa akiilowesha kwa maji ya uvuguvugu ili itoke. Ilipotoka, harufu ilinipiga usoni. Vidole vilikuwa vimevimba, vyeusi kwenye ncha, na kila doa jeusi lilizungukwa na uvimbe mweupe kama punje ya hindi bichi. Kisigino kilikuwa kimepasuka. Baina ya vidole mlikuwa na usaha.

Alinitazama mimi. Hakumtazama mama yake.

"Nimeosha, baba," akasema. "Nimeosha na sabuni. Kila siku naosha."

Ningeweza kupiga magoti. Ningeweza kusema neno lolote. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikaziba pua kwa mkono, nikasema, "Funika hiyo kitu." Nikatoka nje, nikatapika kando ya ukuta wa mwenye nyumba.

Hakuweza kuvaa kiatu wala kutembea hadi barabarani. Mke wangu alimbeba mgongoni kwa leso. Mimi, mwanamume mwenye nguvu, wa miaka arobaini na kitu, nilitangulia hatua kumi mbele yao nikiwa nimebeba mwavuli na kadi ya kliniki. Nyayo zake zilining'inia huku na huku nje ya leso, na kila nilipogeuka nilimkuta ananiangalia juu ya bega la mama yake. Nikaacha kugeuka.

Katika hospitali ya misheni, upande wa Lugulu, muuguzi alitumia muda mrefu akimtoa wale wadudu mmoja mmoja. Mke wangu alimshika mabega. Mimi nilisimama dirishani.

"Mbona mmengoja mpaka ikawa hivi?" muuguzi akauliza.

"Alituficha," mke wangu akasema.

"Ehe, madam!" muuguzi akamwambia mtoto. "Mbona unaficha mguu? Si ni mguu tu? Ulikuwa unamficha nani?"

Binti yangu akasema polepole, "Baba hapendi."

Muuguzi aliinamia tena ule mguu. Aliendelea na kazi yake, nami nikaendelea na dirisha.

Alikaa nyumbani wiki mbili. Ijumaa ya kwanza aliyorudi, nilichukua ndoo nikaenda nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba alikuwa anakamua.

"Karani! Leo umekuja kuchota dhahabu?"

"Nipatie ya leo, mzee, ile laini."

"Chota mwenyewe. Mkono wako umeumbwa na nini?"

Nikachota. Nilifika shuleni nikiwa nimeshika ndoo mbali na suruali. Mwalimu aliniona akitoka darasani, akapisha mlango bila kunicheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nilivua viatu, nikakunja mikono ya shati, nikapiga magoti mbele ya watoto mia moja juu ya kile kipande cha vumbi. Nisidanganye kwamba kinyaa kiliniisha. Mavi yalikuwa bado na joto, yalipita kati ya vidole vyangu, na mara mbili niligeuzia uso mlangoni kuvuta hewa. Nikapaka vibaya, mistari mistari, mpaka msichana mmoja mkubwa akasema, "Mzee, ongeza maji," wote wakacheka.

Binti yangu alikuwa amesimama ukutani.

"Huyo ni baba yako?" mwenzake akamuuliza.

"Ndiyo."

"Mama, nimepaka vizuri?" nikamuuliza.

"Umepaka vizuri, baba," akajibu, kwa ile sauti ambayo watoto wa shule humjibu mkaguzi. Nilipoangalia miguu yake, aliichuchumalia, akaifunika kwa sketi.

Nilipaka Ijumaa zote za mwaka ule nilizopata ruhusa kazini. Baadaye shule ikapata saruji. Binti yangu alipita vizuri, darasa hadi darasa, na kila jioni nilimuuliza shule ikoje na kila jioni ilikuwa salama. Kwa mama yake alikuwa hanyamazi. Nilikuwa nikisikia sauti yake jikoni, ikiruka kutoka habari hii hadi ile, na nikiingia kuchukua maji inatulia. Nilimwomba msamaha alipokuwa kidato cha pili. Alisema hata hakumbuki. Labda ni kweli.

Sasa ni mtu mzima, ana kazi na nyumba yake, na hunitembelea akiwa na sukari na unga kama mtoto mwema. Mwaka juzi nilikuja kujua kwamba alikuwa amefanyiwa upasuaji, amelazwa siku kadhaa, mama yake akimlinda kitandani huku mimi nimeambiwa wako kwa shangazi. Alipokuja nilimuuliza kwa nini hakuniambia, mimi baba yake.

"Nilingoja nipone kwanza, baba," akasema.

Alikuwa akinimiminia chai, na hakuwa na hasira hata kidogo.