Mboji Iliyofunika Dampo

Nyumba yetu ya Ganako iko chini ya dampo. Sisi ndio tuliotangulia; dampo lilitukuta. Taka zote za mjini Karatu ziliishia pale, za sokoni na za hoteli za watalii, na zikioza zilitoa gesi iliyolisha moto wa chini kwa chini. Ukimwaga maji hapa, moshi unatokea pale. Na moshi wote, jamani, ulikuja kwa mama yangu.

Mama ana pumu. Namwita Aayo, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kiiraqw. Alikuwa analala ameketi, mgongo ukutani, akivuta hewa kwa kazi. Daktari aliniambia wazi: mtoe hapo, au moshi utammaliza. Nimpeleke wapi? Na Aayo mwenyewe kichwa kigumu: baba amezikwa nyuma ya nyumba, yeye hatoki.

Ndipo akaja bwana afya na watu wa mradi wa taka. Wakauzima moto kwa udongo, kisha juu yake wakatandaza mboji nene: samadi kuukuu iliyochanganywa na mabaki ya sokoni.

"Humu mna vijidudu hai," bwana afya akatueleza. "Gesi ikipanda, vinaila kabla haijafika hewani. Msiikanyage, na tafadhali sana, msiichote."

Watu wakaguna. Mboji nzuri vile, juu ya nepi na machupa!

Lakini moshi ulikatika kweli. Aayo akaanza kulala chali. Asubuhi moja nikamkuta uani anapepeta maharage huku anaimba, nikaingia jikoni nikalia kwa furaha.

Sasa, mtu wa kwetu akipata nguvu anafanya nini? Anashika jembe. Mvua zilikuwa zinakaribia. Nikarudi kutoka sokoni, nikakuta mashimo ya mahindi yamejazwa mboji nyeusi, laini.

"Aayo, hii umeitoa wapi?"

"Juu pale."

"Dampo?"

"Mimi sikulelewa kuona samadi inapewa machupa."

"Ndiyo inayokupa pumzi hiyo!"

"Ndoo mbili tatu tu, we mtoto. Utafikiri nimeiba ng'ombe."

Nilifoka, nikajaza ndoo, nikapanda nayo kuirudisha. Loh! Nilipofika juu nikaitua ndoo. Majirani walikuwa wamejaa, na matoroli, na punda, wanachota. Walikuwa wamemwona Aayo akishuka na ndoo. Mama mzima anayeheshimika akishachota, nani atabaki? Nikapiga kelele. Nikawasihi.

"Dada, mvua haitusubiri," wakanijibu, tena kwa upole.

Bwana afya alipoletwa, taka zilikuwa uchi. Akashika kiuno, akatazama, akaondoka. Mradi nao ulikuwa umeshafunga kazi.

Mtu mmoja akaja kumwaga majivu yenye kaa la moto, basi. Moshi ulirudi kabla mahindi hayajafika magotini.

Aayo amerudi kulala ameketi. Dawa ya kupuliza inampa nafuu kidogo, kisha kifua kinaanza tena kulia. Namsikia nikiwa jikoni, namsikia nikiwa shambani, nimechanganyikiwa, sijui nimkimbilie nani. Na mahindi hayajawahi kustawi hivi. Wapita njia wanatusifia.

Jana aliniomba nimsogeze dirishani aone shamba. Akalitazama muda mrefu.

"Yamependeza," akasema. Akavuta hewa, ikakwama, akavuta tena. "Yang'oe. Irudishe mboji juu pale."

Shamba letu peke yake halitoshi kufunika hata pembe ya dampo, na majirani hawatang'oa ya kwao. Nilijua, naye alijua. Nikachukua ndoo hata hivyo. Niling'oa shina la kwanza, nikakung'uta mizizi ndani ya ndoo, nikainua macho kumtazama dirishani.

Alikuwa ameyafumba ya kwake, asione mahindi yakianguka.