Uzito wa Chumba cha Mwenyekiti

Siku Dobi alipowaunguza abiria wake wote, shati la mteja lilipona. Hilo ndilo jambo ambalo wenzake hawakumsamehe. Angeunguza vyote viwili wangesema ajali. Lakini mwanamke aliyeachia usukani katikati ya anga akakimbilia pasi, akarudi na kukuta chombo kimejitumbukiza kwenye nyota na abiria wamekuwa majivu, huku shati limenyooka kola kama la bwana harusi, huyo alikuwa amechagua upande.

Wakambatiza Mchoma Abiria.

Tuelewane mapema: hakuna aliyezikwa. Huu ni mchezo wa kompyuta, ule wa kuzurura angani, ambamo kila mchezaji ana chombo chake na nyota ni nyingi kuliko ahadi za wagombea. Ukifika kwenye nyota ambayo haijawahi kuguswa na mtu, ukarudi salama hadi kituoni, jina lako linaandikwa juu yake na kila mchezaji duniani atalisoma. Ukiangamia njiani, unazinduka kituoni mikono mitupu, na ulichokigundua kimeyeyuka pamoja nawe. Ukipenda unaweza kupakia wenzako. Kila mmoja anakaa kwake na mashine yake, lakini mnasafiri chombo kimoja, na rubani akikosea mmekosea wote.

Dobi alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, kilichojaa mashati yanayoning'inia kama mkutano wa watu wasio na vichwa. Kompyuta aliiweka kwenye ncha ya meza ya kupigia pasi. Alinyoosha suruali za watu wenye haraka, na kazi ikipungua aligeuza kiti na kuondoka duniani. Mumewe, fundi rangi wa majumba, aliwahi kuulizwa anaonaje mkewe kuhangaika na nyota. Akajibu, "Mimi simo," jibu alilokuwa akilitoa pia kuhusu siasa, dini na uji ulioungua.

Aliyekuwamo ni mama mkwe. Magoti ya bibi huyo yalikuwa yamemgomea, na dunia yake yote ilikuwa kitanda, kiti cha dirishani na choo, tena choo chenyewe kwa kushikwa mkono. Alasiri moja, akimtazama Dobi anavyorukaruka kutoka nyota hadi nyota, alinyoosha kidole kwenye skrini.

"Ile pembeni kabisa, iliyojitenga. Nani anakaa?"

"Hakuna, mama. Haijafikiwa. Iko mbali mno, chombo kikiruka hakifiki."

"Kwa hiyo haina jina la mtu."

"Haina."

"Nipeleke."

Dobi akacheka. "Mama, umesahau mimi naitwa nani?"

"Mwanangu, mimi niliolewa na mwanaume aliyeniapia kwamba atanifikisha mwisho wa dunia. Akanifikisha jikoni, akaniacha hapo. Wewe hata ukinichoma, angalau utakuwa umenitoa nyumbani."

Dobi akaacha kucheka. Wiki hiyohiyo bibi akafunguliwa akaunti kwenye tableti, na mipango ikaanza.

Shida ilikuwa pengo. Kati ya nyota za kawaida na ile ya pembeni palikuwa na giza tupu, lisilo na mahali pa kupumzikia. Chombo kingelivuka kwa mruko mmoja tu, tena kama ni chepesi, na mruko huo ungekausha tangi lote. Ukifika, unakisogeza chombo karibu na nyota na kuchota mafuta kwenye moto wake ili urudi. Ila kuna nyota ambazo wachezaji wanaziita kavu. Zinawaka kivivu na hazitoi hata tone. Ile ya pembeni ilikuwa kavu au la? Kwa umbali ule hakuna aliyejua. Ikiwa kavu, umekwama, mpaka atokee kichaa mwingine wa kukuletea mafuta kwa mruko uleule.

Dobi akaanza kukivua chombo nguo. Akatoa ngao. Akatoa mizinga. Akatoa mashine ya kujikarabati, ile ambayo rubani mwenye akili timamu haondoki bila hiyo. Kila alipotoa kitu, aliitazama ramani. Mwishowe nyota ya pembeni, iliyokuwa ya kijivu siku zote, ikawaka: inafikika.

Kilichobaki ni ruhusa. Kituo cha mwisho cha mafuta kabla ya pengo kilikuwa mali ya chama, na ufunguo wake alikuwa nao mwenyekiti, maana chama chetu cha wazururaji wa anga kilikuwa na mwenyekiti, katibu, katiba na mhuri, kila kitu isipokuwa safari. Mwenyekiti alikuwa muuza magodoro. Vikao vilifanyika nyuma ya duka lake, wajumbe wakiwa wamekalia magodoro ambayo bado yako kwenye nailoni, kwa hiyo kila mtu alipopinga hoja, nailoni ililia chini yake. Kwa bahati nzuri au mbaya, alikuwa pia mpwa wa mama mkwe, na hivyo shemeji wa Dobi.

"Shangazi yangu," alisema mwenyekiti, akiwa amesimama mbele ya godoro la sita kwa sita, "hawezi kufa mikononi mwa Mchoma Abiria."

"Atazinduka kituoni, shemeji," alisema Dobi. "Hata wewe siku ya shati ulizinduka. Ukaomba soda."

Nailoni zikalia. Watu walikuwa wanacheka kwa makalio.

"Utaratibu!" alipiga kelele katibu, muuza miwani. "Anayeongea aongee kupitia kwa mwenyekiti!"

"Kupitia kwako, mwenyekiti, nakwambia uniruhusu."

Mwenyekiti akafikiri kwa kuvuta tumbo ndani na kuliachia. Kisha akatabasamu. Safari ya kihistoria kama hiyo, alisema, haiwezi kuondoka bila mgeni rasmi. Na mgeni rasmi hakai kiti cha kukunja. Atafungua mafuta, mradi chombo kifungwe chumba cha daraja la juu: kochi, zulia, dirisha pana na taa ya kuning'inia. Katibu akapiga mhuri kabla Dobi hajafumba mdomo.

Akaenda nyumbani akakifunga chumba hicho. Nyota ikazimika kwenye ramani. Akakitoa, ikawaka. Akakirudisha, ikazimika. Mumewe, aliyekuwa akipita na ndoo ya rangi, akasimama kutazama.

"Inakonyeza?"

"Ni uzito wa binamu yako."

"Mimi simo," akasema mumewe, akaendelea na ndoo.

Dobi akampigia mwenyekiti simu na kumweleza kwa adabu zote alizokuwa nazo.

"Basi toa vitu vingine," alisema mwenyekiti.

"Shemeji, nimetoa vyote. Kilichobaki ni injini na mama yetu."

"Punguza mafuta."

"Ndiyo yanayotufikisha!"

"Dada, mimi nikikaa kiti cha kukunja, kesho nani ataniheshimu? Usinivunjie cheo kwa sababu ya nyota moja."

Dobi akakata simu, akakaa katikati ya mashati yasiyo na vichwa. Alikuwa karibu kumwambia mama mkwe kwamba safari imekufa. Bibi, ambaye kusikiliza simu za watu ndiyo kazi iliyobaki ambayo haikuhitaji magoti, alimtangulia.

"Mafuta yanajazwa kabla ya hotuba au baada?"

"Kabla. Katiba inasema hivyo."

"Basi mwache ahutubie. Nilimlea mimi huyo. Tangu mtoto, akipewa nafasi ya kusema haoni kinachoondoka."

Wakapanga Jumapili mchana. Dobi alifunga mlango wa mbele, akawarudisha wateja wawili waliokuja na makoti, akachomoa pasi. Waya wa pasi akamkabidhi mama mkwe, na bibi akaupakata mapajani pamoja na tableti.

"Huu siuachii hata shati la rais likiungua," alisema.

Walifika kituo cha chama bila tatizo, chumba cha daraja la juu kikiwa kimefungwa na mwenyekiti ameketi kwenye kochi lake. Vyombo vya wanachama vilikuwa vimejipanga kushuhudia. Mwenyekiti akafungua mafuta, tangi likajaa, kisha akashuka chomboni na kusimama jukwaani. Sauti yake ikaanza kutiririka kwenye spika. Alianza na historia ya chama. Akaja kwenye changamoto. Alipofika kwenye shukrani kwa kamati ndogo ya maandalizi, ambayo ilikuwa yeye na katibu, Dobi alikuwa ameshateremsha kochi, zulia, dirisha na taa, na mahali pake ameweka kiti kimoja cha kukunja. Nyota ikawaka.

Angeweza kuondoka kimya. Hakutaka. Alibonyeza kitufe cha kuongea na wote.

"Shemeji, samahani kukukatiza. Chumba chako nimekiacha hapo kituoni, na nimekitoa mbele ya macho ya watu, sikukuibia. Kiti cha kawaida kipo, karibu na shangazi yako. Tunaondoka sasa. Panda."

Halafu mahali fulani mtu akacheka.

"Huu ni ukiukaji wa..." alianza mwenyekiti. "Kwanza nimalizie shukrani, ndipo..."

"Maliza tu," alisema Dobi, na akaruka.

Giza lilikuwa refu. Chombo kisicho na ngao kilitetemeka, na taa za tahadhari zikawaka moja baada ya nyingine, kila moja ikidai kitu ambacho Dobi alikuwa amekitoa. Kisha wakatokea, na mbele yao palikuwa na nyota. Ilikuwa nyekundu ya kufifia, kama kaa lililosahaulika jikoni.

"Ndogo," alisema mama mkwe. Hakupepesa macho. "Nzuri."

Dobi akakisogeza chombo karibu, polepole, karibu kuliko alivyowahi kuthubutu tangu siku ya shati. Mtambo wa kuchotea ukafunguka, ukavuta. Kipimo cha mafuta hakikusogea. Akaingia zaidi. Hakikusogea.

Kavu.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuuliza, na aliposikia, sauti yake ilijaa huruma ya mtu aliyeshinda. "Poleni sana. Basi lipua chombo, mzinduke hapa kituoni, tulizungumze kwenye kikao."

Ndiyo ilikuwa njia ya haraka. Kitufe kimoja tu. Na jina la bibi lingepotea pamoja na chombo, kana kwamba hakuwahi kutoka jikoni. Dobi akamtazama mama mkwe.

"Nani alimwambia nataka kurudi?" aliuliza bibi, bado ameushika waya wa pasi.

Dobi akabonyeza kitufe cha kuongea. "Hatulipui. Jina la mama litarudi likiwa ndani ya chombo hiki, au tutabaki nalo hukuhuku. Asiyependa na asitutazame." Akazima kila kitu chomboni isipokuwa hewa, akarudishiwa waya, akachomeka pasi, akaanza kunyoosha mashati.

Wakakaa. Mashati yaliingia na kutoka, na kwenye ncha ya meza chombo kikaendelea kuelea mbele ya lile kaa. Wateja walichungulia skrini wakauliza, "Bado mmekwama?" Mama mkwe aliwajibu kutoka dirishani, "Hatujakwama, tumehamia." Tangu apate anwani mpya alikuwa ameacha kulalamikia magoti.

Nyuma ya duka la magodoro mambo yakaharibika. Mchomeleaji wa mageti, mwanachama aliyewahi kuungua siku ya shati, alikuwa wa kwanza kuondoa mizinga yake apeleke mafuta. Nyota haikuwaka kwenye ramani yake. Muuza miwani, bila mhuri wala taarifa, akatoa ngao. Haikuwaka. Injini zao zilikuwa ndogo. Injini kubwa kwenye chama ilikuwa moja tu, ndani ya chombo cha mwenyekiti, na juu yake yalipangwa makochi matatu. Wajumbe wakageuka wote kwa pamoja kumtazama, na nailoni zikalia kwa sauti moja.

Alikuja mwenyewe kwa Dobi, kwa miguu, amebeba mashati ambayo hayakuwa machafu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hayo mashati ni yako au umeyakodi?"

Mwenyekiti akayaweka mezani. Akaitazama ramani, lile doa jekundu pembeni, na chombo kidogo mbele yake kisicho na hata taa. Alikohoa kikohozi cha kuanzia hotuba, lakini hotuba haikuja.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "hivi kochi... linavuliwaje?"

Dobi alimaliza kola aliyokuwa nayo, akasimamisha pasi, akaenda nyuma ya mlango akaleta kiti cha kukunja. Akakikunjua mbele ya kompyuta. Mwenyekiti akakitazama, akamtazama shangazi yake, akaketi.

"Tuanze na ile taa ya kuning'inia," alisema Dobi.