Kuogelea Juu ya Benchi

Porfiri Lukich alikuwa mwalimu wa michezo katika kiwanda cha vioo kando ya mto Kama, na goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tangu ujana wake. Kiwete kufundisha watu mbio! Lakini serikali haikuhitaji magoti, ilihitaji idadi. Mwaka ule kiwanda kiliagizwa kutoa beji mia moja na arobaini za michezo, zile za "Tayari kwa Kazi na Ulinzi" kabla ya Mei Mosi. Kuruka, kutupa guruneti, kukimbia umevaa barakoa ya gesi, hayo yote yaliwezekana. Kilichomtoa jasho ni kuogelea mita hamsini, maana ilikuwa Machi na juu ya barafu ya mto Kama yalikuwa yakipita malori.

Akaenda kwa mkurugenzi.

"Ndugu Mkurugenzi, mto umeganda."

"Mto umeganda, mpango haujaganda," mkurugenzi alimjibu bila kuinua macho. "Aliyekuwa kwenye nafasi yako mwaka jana naye alikuwa na sababu nzuri tu. Unajua yuko wapi sasa?"

Porfiri hakujua. Hakuna aliyejua, wala aliyethubutu kuuliza.

Basi akapanga mabenchi kwenye ukumbi wa kiwanda, akawalaza watu kifudifudi, wakapiga mikono na miguu hewani huku yeye akihesabu kwa filimbi. Walicheka mpaka machozi. Kila aliyeshuka benchi aliandikiwa kwenye kijitabu chake: mita hamsini, amefaulu.

Kijana mmoja mpuliza vioo, Venyamin, alibaki nyuma.

"Mwalimu, mimi majini nazama kama nyundo."

"Nani kakuuliza?"

"Sibishi. Nasema tu, siku mtu akinitia mtoni..."

"Nani akutie mtoni wewe? Sikiliza, Venya. Hilo likitoka nje nachukuliwa, na nina watoto wawili. Kiangazi nitawafundisha wote, mtoni kweli. Utanyamaza?"

"Nitanyamaza, Porfiri Lukich. Mimi si mbea."

Kiangazi kilikuja na mpango wa beji mia mbili, ahadi ikafia hapo. Picha ya Porfiri ilibandikwa kwenye ubao wa heshima. Mama yake Venyamin, Ustinya Yegorovna, aliyekuwa mfagizi wa kiwanda, alikuwa akiifuta vumbi kila asubuhi kwa pindo la aproni yake.

Kisha vita vikaja. Goti lilimbakiza Porfiri nyumbani. Venyamin alikwenda na beji yake kifuani, na mwaka wa tatu wa vita ikaja karatasi: ametoweka kwenye kivuko cha mto.

Ustinya aliingia ofisini kwa Porfiri na kijitabu kile amekifunga kwenye leso. Kwenye meza ya pili karani alikuwa akiandika.

"Mwenzake kaniletea barua," alisema. "Kamanda aliuliza nani ana beji, Venya akasukumwa mbele. Akapewa kamba aivushe ng'ambo, wenzake wapite nayo. Eti alisimama kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno. Halafu akaingia."

Porfiri alilijua neno lile. Alilijua pia lililomzuia kijana kulisema.

"Majirani wananiambia nimsomeshee arubaini kanisani. Nawauliza, mtu wa mita hamsini anazamaje? Mto wenyewe pale haufiki hata mita arobaini. Katokea ng'ambo, Wajerumani wakamshika, basi. Si ndivyo?"

"Mama Ustinya..."

"Niambie kwa kinywa chako tu, nilale. Ulimwona ukiwa pale, akiogelea?"

Karani aliacha kuandika. Maneno mawili yangemtosha Porfiri, nayo yalikuwa tayari kwenye ulimi: hakujua kuogelea. Yangemvunja mama yule, lakini angelia, angemsomeshea arubaini yake, angepumzika. Porfiri alimtazama karani.

"Nilimwona," alisema. "Aliogelea vizuri sana."

Ustinya alikifungua kijitabu juu ya meza. "Wino umefifia, baba. Pitishia kalamu, nisije nikaonekana mwongo."

Akapitishia, kwa mwandiko mzuri, pamoja na sahihi yake.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka kumi na sita. Kila mwaka barafu ya mto Kama ilipovunjika, Ustinya alianika koti la mwanawe uani, akapiga kiwi viatu vyake na kuvirudisha mlangoni. Hakukubali kumwombea maiti asiyekufa, na kasisi alipomsisitiza aliacha kwenda kanisani. Porfiri hakuwa na njia nyingine ya kufika kazini ila kupita mbele ya lango lake.

"Mwanafunzi wako bado hajafika, Porfiri Lukich," alimwambia kila asubuhi, kwa uchangamfu.

Naye Porfiri alivua kofia na kumjibu, "Atafika, mama."